Mama Dirisha na Zamu ya Zimwi

Ijulikane kwa wote wenye masikio, na kwa wale waliosindikizana na wenye masikio, kwamba Jumamosi iliyopita, kabla ya chakula cha mchana, katika uwanja wa nyuma wa kiwanda cha sabuni kilichofungwa, Ufalme wa Mito Saba ulijipatia Malkia mpya: Mtukufu, Mlinzi wa Daraja, Mama wa Majeshi na Mfariji wa Wanyonge, ambaye siku za kazi hupatikana ghorofa ya chini, ofisi ya leseni za biashara, dirisha lililo karibu na vyoo.

Kwa kweli mto ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mtaro. Mito mingine ilibaki kwenye ahadi za Mratibu wa mchezo.

Malkia mwenyewe watu walimwita Mama Dirisha. Jina hilo hakulichagua, lilimkuta kazini. Fundi aliyekata tundu la kuongelea kwenye kioo cha dirisha lake alipima akiwa amekaa chini, basi kila raia, awe mkurugenzi au mchuuzi wa sokoni, humbidi ainame ndipo sauti yake ipite. Mama Dirisha aliinamiwa kuliko wafalme wengi wa kweli, na bado hakupandishwa cheo hata kidogo. Wakuu wa kitengo walikuja na kuondoka. Kila mmoja yeye ndiye aliyemwonyesha mahali pa kupiga mhuri, na kila mmoja, akishapaona, akawa bosi wake. Si kwamba Mama Dirisha alikuwa na akili za kutisha. Alikuwa tu hatoki. Kama kabati la chuma: watu huliona lipo, hulizunguka, wakaendelea na safari zao.

Ndiyo maana alipoingia kwenye mchezo aliingia mzima mzima.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni huu. Watu wazima wenye kazi, ndoa na migongo inayouma hukutana mwisho wa wiki, huvaa majoho yaliyokuwa mapazia, na kushinda kutwa nzima wakiwa watu wengine. Hakuna jukwaa wala watazamaji. Ukisema wewe ni shujaa, basi wewe ni shujaa mpaka saa ya kurudi nyumbani kupika. Mapanga ni ya sponji iliyoviringishwa utepe wa gundi. Ukiweka mkono juu ya kichwa maana yake haupo, na wote wanakubali kwamba haupo, hata kama wanakuona kabisa unaelekea chooni.

Binti yake wa mwisho, mfamasia, ndiye aliyempeleka mara ya kwanza, ili alinde mikoba. Akalinda mikoba. Siku ya pili wakampa cheo cha Mkunga wa Kasri, kwa sababu alikuwa amekaa tu. Ilipofika siku ya tatu alikuwa ameshona joho, na sebule yake haikuwa tena na pazia. Mume wake, fundi wa majokofu, alianza kunywa chai akitazamana na mtaa mzima, na mtaa mzima ukimtazama yeye.

Halafu wifi yake akaja. Huyu ni dada wa mumewe, muuza manukato, mwanamke ambaye hajawahi kuona kitu mkononi mwa Mama Dirisha asikipende. Aliposikia kuna ufalme mahali na yeye hayumo, alikosa raha. Ndani ya muda mfupi akawa Binti Mfalme wa nchi jirani, cheo alichojipa mwenyewe mlangoni.

Sasa malkia wa zamani, daktari wa meno, alikuwa amehamia mji mwingine na meno yake. Kiti kikabaki wazi. Sheria ya Mito Saba ilisema wazee wa baraza watamchagua mmoja kati ya wagombea watakaokuwa wamesimama mbele ya kiti cha enzi. Wagombea walikuwa Mama Dirisha na wifi yake. Fundi wa majokofu alipoulizwa yuko upande gani, kwa kuwa huyu mke na yule dada, alisema yuko upande wa jokofu.

Kura zilikuwa za Mama Dirisha. Alikuwa amezisaka msimu mzima, akirekebisha pindo za majoho ya watu, akisikiliza habari za wakwe zao. Usiku kabla ya siku yenyewe aliliweka joho chini ya godoro ili linyooke, akalala juu yake, chali, bila kujigeuza, kama mtu aliyekwisha wekwa kwenye kumbukumbu za taifa. Hakutaka mali wala mamlaka. Alitaka mara moja tu, kabla hajastaafu, waite jina la mtu wa kupanda juu na liwe lake.

Lakini ufalme wowote, hata wa sponji, una masufuria ya kuosha. Hivyo kila mchezaji, kabla hajawa chochote, hushika zamu ya kujitolea: kuosha vyombo, kufagia ukumbi, kukaa getini, au kuwa zimwi. Zimwi ni lazima liwepo, maana mashujaa wakikosa cha kuua huanza kutazama simu zao. Na kwa kuwa hakuna anayejitolea kwa moyo mweupe kushinda juani akipigwa na wauza vipuri, Mratibu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, hugawa zamu kwa vizibo vya soda ndani ya kofia ya pikipiki. Kizibo cheusi ni zimwi.

Asubuhi ya kutawazwa, Mama Dirisha alitia mkono kwenye kofia akatoka na kizibo cheusi.

Alikitazama. Akamtazama Mratibu. Mratibu akatazama kofia, kana kwamba ndiyo yenye kosa.

Akauliza kama anaweza kubadilishana na mtu. Mratibu akasema anaweza, akimpata. Akaenda kwa mashujaa, kizibo akikificha kiganjani, akisema ni zamu tu bila kuitaja; mashujaa wote, ghafla, wakawa na viuno vibovu. Akamfuata binti yake jikoni; alikuwa amezama kwenye sufuria mpaka mabegani. Hapo ndipo wifi alipomfuata kwa hiari yake mwenyewe, akanukia uwanja mzima, akamshika mkono.

“Pole, wifi,” akasema. “Ningekusaidia, ila leo natawazwa.”

Kanuni za zamu alielezwa na Mwamuzi, dereva wa kreni mwenye filimbi na kizibao kinachong'aa, mtu wa maneno machache ambayo hayarudiwi. Zimwi husimama kwenye mdomo wa daraja, lile la zege yalilopita malori ya sabuni, na kazi yake ni kuzuia watu. Likipigwa mapigo matatu linalala chini, watu wanapita, kisha linaamka linaendelea. Ukishavaa kinyago wewe si wewe, na huruhusiwi kumwambia mtu ni nani yumo ndani. Zamu haina saa ya kwisha: inaisha mtu mwingine akifa mchezoni, maana aliyekufa ndiye anayerithi kinyago. Na mgombea atakayekimbia zamu hana ugombea tena.

Mama Dirisha akafanya hesabu, na ilikuwa mbaya. Kiti cha enzi kilikuwa ng'ambo ya daraja. Msafara ungekuja, ungempiga mara tatu, ungempita, na yeye akiwa amelala chali kwenye zege angesikia vigelegele vya wifi yake. Kuahirisha kusingewezekana. Mwenye uwanja alitaka malori yake yaingie baada ya chakula, na baada ya hapo kiti kingebaki wazi mpaka msimu ujao, ambapo kura zote zingeanza upya na wifi angekuwa na muda wa kugawa manukato.

Kinyago kilikuwa cha boksi na manyoya ya zulia, na ndani yake mlikuwa na jasho la watu wengi waliotangulia. Macho yalitobolewa chini mno, karibu na mashavu. Ili kumwona mtu, Mama Dirisha ilimbidi ainue kidevu juu. Na mtu, ili ajue anaongea na nini, ilimbidi ainame.

Wa kwanza kufika alikuwa shujaa mmoja mpana, ambaye siku nyingine huuza betri za magari. Alikuja mbio, upanga juu, ngao ya kijani kifuani, akalitangazia zimwi la giza kwamba limpishe au lionje makali yake. Mama Dirisha alikuwa amefanya mazoezi ya kunguruma kule stoo. Akavuta pumzi. Lakini muuza betri alikuwa hajaona macho ya zimwi yako wapi, akainama kuyatafuta.

Mtu akiinama mbele ya Mama Dirisha, ndani ya mama huyo kuna kitu kinachojiwasha chenyewe.

“Umekuja na kopi?” zimwi likauliza.

Shujaa akashusha upanga. “Kopi ya nini?”

“Ya ulichokuja nacho.”

Akautazama upanga wake, akaitazama ngao. “Sikuambiwa.”

“Nani hakukuambia?”

“Pale ndani.”

“Basi rudi pale ndani.”

Naye akarudi. Upanga ulikuwa mkononi, zimwi lilikuwa mbele yake, hakuna ukuta wala kufuli, na alirudi. Mama Dirisha alibaki ameduwaa ndani ya boksi. Alikuwa amejiandaa kwa pigo, hata alikuwa amefumba macho.

Wakaja wachawi wawili, mke na mume, wenye duka la miwani, fimbo zao zikimulika kwa betri. Wote wawili wakaanza kuapiza kwa pamoja. Zimwi likawaambia waje mmoja mmoja. Mume akarudi nyuma hatua moja ili mkewe atangulie, akasimama mgongoni kwake. Hapo ndipo mstari ulipozaliwa.

Kwani mstari hauhitaji sababu, unahitaji mgongo tu. Aliyefuata aliona migongo miwili akasimama nyuma yake. Muuza betri akarudi bila kopi, akaeleza kwamba yeye alikuwa wa kwanza kabisa, na mchawi wa kike akamjibu kuwa alipoondoka aliondoka na nafasi yake. Mpiga mishale mmoja aliweka podo lake chini lishike nafasi, akaenda kunywa maji. Msafara wa kutawaza ulipotokea, na ndoo zake za kupigwa kama ngoma na Kuhani Mkuu amebeba taji ndani ya kopo la biskuti, ulikuta watu wamejipanga. Ngoma zikafifia. Msafara ukajiunga nyuma. Mtu wa mwisho kabisa akamnong'oneza aliye mbele yake kuuliza kinachogawiwa ni nini.

Huyo Kuhani Mkuu ni kinyozi, na kiti cha enzi ng'ambo kule kilikuwa kiti chake cha kazi kilichofunikwa shuka jekundu. Mwaka uliopita alihangaikia leseni ya kinyozi kwenye dirisha fulani karibu na vyoo. Alipofika karibu na zimwi hili magoti yalimlegea, na hakujua kwa nini.

Mwanzoni maneno yalikuwa yamemponyoka tu Mama Dirisha. Sasa akaona. Kila dakika waliyosimama hapa ilikuwa dakika ambayo wifi yake hajatawazwa. Akaanza kufanya kazi kwa makini, kama siku ya kazi hasa. Huyu alimwambia jina la joho lake halilingani na sura yake. Yule alimuuliza anaingia kama nani, akajibu kama mlinzi wa msitu, akaulizwa msitu umesajiliwa wapi. Mchawi wa kiume akaambiwa fimbo yake inahitaji idhini ya mwenye fimbo, naye akaanza kueleza kwamba mwenye fimbo ni yeye, na akaulizwa athibitishe. Hakuna aliyeinua upanga. Walikasirika, ndiyo, lakini walikasirika kwa ile hasira ya kupangusa uso na kupumua, hasira inayojua kwamba aliye mbele yake ataamua chakula cha mchana kitaliwa saa ngapi.

Kila panga lilipotikisika Mama Dirisha aliharakisha swali jingine. Alijua kwamba mmoja wao akikumbuka kanuni, yote yamekwisha. Walikuwa wanazijua, zilisomwa kila asubuhi.

Kisha akagundua amejifunga mwenyewe. Ili avuliwe kinyago, lazima mtu afe. Na watu waliopanga mstari hawapigani, na wasiopigana hawafi. Utaratibu aliouleta ulikuwa mzuri mno. Akajaribu kuuharibu: akamnong'oneza muuza betri kwamba huyo wa mbele yake alifika baada yake. Ugomvi ukaanza kweli, ukapanda, watu wakashikana majoho. Mama Dirisha akakaza macho, akiomba hata jeraha moja la haja. Lakini badala ya kuchomana mapanga wakaita mashahidi. Mashahidi wakasikilizwa. Muuza betri akasogezwa nafasi moja mbele, akashukuru, mambo yakaisha kwa amani. Mama Dirisha karibu alie.

Aliyemwokoa ni wifi.

Wifi hajawahi kusimama nyuma ya mtu. Kwa daktari hupitia jikoni; msibani hupitia kwa wapishi; hata kwenye harusi yake mwenyewe, wanasema, aliingia kabla ya bwana harusi. Alipita kando ya mstari wote na gauni lake la dhahabu, akiwagusa watu mabega kana kwamba anawabariki, mpaka akasimama uso kwa uso na zimwi.

“Mimi ni mgombea,” akasema. “Nipishe nikatawazwe.”

“Wagombea mko wangapi?”

“Wawili.”

“Mwenzako yuko wapi?”

“Hajatokea. Na asiyekuwepo hayupo.”

“Basi msubirini. Wagombea wanapita pamoja.”

Wifi akasogea karibu zaidi. Akainama taratibu, akanusa.

“Wifi, najua ni wewe,” akasema kwa sauti ya chini. “Nasikia dawa ya magoti.”

“Zimwi halina wifi.”

“Na magoti je?”

“Magoti linayo. Rudi kwenye mstari.”

Mstari ukacheka. Sasa wifi ni mtu anayeweza kuvumilia tusi, njaa na hata kusingiziwa, lakini si kuchekwa na watu waliojipanga. Angeweza kuchukua upanga wa mtu yeyote pale na kumaliza kazi. Badala yake alifanya kile alichofanya maisha yake yote: akatafuta njia ya pembeni. Akapandisha gauni mpaka magotini, akashuka kwenye mtaro, ambao Mratibu alikuwa ameutandika nailoni ya bluu, akaanza kuvuka.

Filimbi ikalia. Mwamuzi akamjulisha kwamba amekufa maji.

Wifi akasimama katikati ya mtaro, viatu vikavu kabisa, akauliza hayo maji yako wapi. Mwamuzi akaonyesha kidole kwenye nailoni. Wifi akasema hiyo ni nailoni, hata yeye anayo kama hiyo dukani. Mwamuzi akasema kwa sasa ni mto. Wifi akamwambia anajua kuogelea. Mwamuzi akafikiri, kwa kuwa hilo halikuwa kwenye kanuni, kisha akasema alimwona akitembea. Mwisho wifi akapanda upande ule ule alioshukia, marehemu, akakabidhiwa zamu.

Makabidhiano yalifanyika nyuma ya ukuta wa stoo. Mama Dirisha alivua kinyago, nywele zimelowa, na kwa mazoea ya kazi akatoa maelezo: mwenye ngao ya kijani hana kopi lakini anadai anayo nyumbani, wachawi ni wawili ila wahudumiwe tofauti, podo lililo chini ni la mtu, lisisogezwe. Wifi alikivaa kinyago kwa ncha za vidole, akaondoka kwa hatua za mtu aliyekwisha panga kitu.

Mama Dirisha akajifunga joho lake la pazia, akajipangusa uso, akatembea kuelekea darajani kwa heshima zote za mtu ambaye kura ni zake. Muuza miwani wa kiume akamzuia kwa mkono.

“Mstari unaanzia kule, mama.”

Akamweleza kwamba yeye ni mgombea. Wakasema wanajua, wote wako upande wake, hata wifi yake naona ameshakufa, hongera sana, lakini mstari ni mstari. Aliyewafundisha kujipanga asubuhi nzima alikuwa yeye, na wanafunzi walikuwa wameelewa. Akaenda nyuma kabisa, akasimama nyuma ya yule aliyeuliza kinachogawiwa ni nini, ambaye bado alikuwa hajajibiwa.

Kutoka kule nyuma aliweza kusikia zimwi jipya likifanya kazi, na lilikuwa likifanya vibaya. Wifi alikuwa na nia moja, kila mtu angeiona: kama si yeye, basi asitawazwe mtu, malori yaingie, kiti kibaki wazi, msimu ujao tuonane. Lakini biashara ya manukato haimfundishi mtu kukatalia watu kwa upole. Kuhani Mkuu aliambiwa hapiti kwa sababu alimnyoa mtoto wa zimwi vibaya upande wa kushoto. Mchawi wa kike aliambiwa joho lake linamnenepesha. Muuza betri alipouliza sasa anatakiwa alete nini, aliambiwa alete akili. Mstari ukaanza kunung'unika. Watu wakasema kwa masikitiko kwamba lile zimwi la kwanza lilikuwa na utaratibu.

Kule getini lori la kwanza likapiga honi.

Mama Dirisha akaligeukia geti. Akaona uwanja umefungwa, taji limerudi kwenye kopo la biskuti, na yeye Jumatatu asubuhi yuko nyuma ya kioo, akimwonyesha mkuu mpya wa kitengo mahali pa kupiga mhuri. Akatoka kwenye mstari. Hakuwa amewahi kutoka kwenye mstari maishani mwake. Miguno ikamfuata njia nzima, mmoja akauliza kama wengine hapa ni mawe, na yeye akaenda tu mpaka mbele.

“Wifi,” akasema. “Nipishe.”

“Zimwi halina wifi. Wewe ndiye ulisema.”

“Saa imekwisha. Malori yamefika.”

“Una kopi?”

“Kopi ya nini?”

Na hapo wifi akakwama. Alikuwa amelisikia swali lakini hakuwahi kusikia linakoelekea. “Ya... ya kila kitu,” akasema.

Mama Dirisha akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaaluma. Akamgeukia muuza betri. “Baba, niazime huo.”

Muuza betri akampa upanga kwa adabu, akidhani anataka kuuegemea.

Pigo la kwanza lilikuwa la sufuria kubwa iliyoazimwa kwa ajili ya arobaini ya mtoto na kurudi bila kifuniko. La pili lilikuwa la siku ile mbele ya wakwe, wifi alipouliza kwa sauti kama wali ule ulipikwa au ulichemshwa tu. La tatu lilikuwa la sheria.

Sponji haitoi mlio mkubwa, ila pale palikuwa kimya kiasi kwamba yalisikika yote.

“Umenipiga,” wifi akasema ndani ya boksi.

“Mara tatu. Lala.”

Wifi akamtazama Mwamuzi. Mwamuzi akakubali kwa kichwa. Basi akachagua mahali pasipo na vumbi, akakunja gauni vizuri chini yake, akafa kwa hatua kadhaa, na alipokuwa amelala vizuri akainua kinyago kidogo, akauambia uwanja mzima kwamba zimwi la asubuhi, lile mnalolisifu, lilikuwa huyu huyu. Kisha akakishusha, akaendelea kuwa maiti.

Hakuna aliyemsikiliza mara moja. Muuza betri alikuwa anautazama mkono wake mtupu.

“Kumbe linapigika?” akasema.

Wakatazamana. Kisha, mmoja mmoja, wakatazama chini kwenye mapanga yao, mikuki yao, fimbo zao za moto, kwa ule mshangao wa mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima ikiwa usoni. Mpiga mishale akaokota podo lake, akalitia mgongoni bila kumwangalia mtu. Honi ya lori ikalia tena, wakaanza kupita, na kila aliyemruka wifi alimwomba samahani.

Kutawazwa kulifanyika haraka. Mbele ya kiti palisimama mgombea mmoja tu, baraza likainua mikono. Kuhani Mkuu akalitoa taji kwenye kopo, akalipuliza makombo, akamvisha. Halafu akakanyaga ile pedeli ya kiti cha kinyozi, na Malkia akapanda juu kidogo kidogo, kwa mishindo, mpaka miguu ikaning'inia na watu wote wakawa chini yake. Binti yake mfamasia akaja mbio kutoka jikoni na povu mpaka viwikoni, akapiga kigelegele peke yake. Mama Dirisha alikaa wima, mikono mapajani, na midomo ikimtetemeka kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona pale dirishani.

Habari ya zimwi la asubuhi ilikuwa imeshaanza kuwaingia. Ilienda ikinong'onwa kutoka bega hadi bega mpaka ikamfikia Kuhani Mkuu, naye akakumbuka leseni yake, akaelewa magoti yake. Akapiga goti moja. Uwanja wote wa majoho ukapiga goti nyuma yake, kwenye mstari. Akainua mikono, akasema kwa ile sauti yake ya ibada:

“Ewe Malkia mwenye hekima, Mlinzi wa Daraja! Sisi raia wako tumesimama juani asubuhi nzima, na silaha mikononi, mbele ya zimwi ambalo mapigo matatu yangeliangusha. Wewe ulikuwa ndani yake, na kanuni ulizijua. Tuambie, tupate kuwasimulia watoto wetu: kwa nini hukutuambia?”

Malkia akarekebisha taji.

“Hamkuuliza.”